Rezista Iliyomrudishia Baba Kiti

Baba alisaga mahindi ya watu wa Kangemi miaka mingi, mpaka mashine ikamla masikio. Alipoacha kazi alikuwa hasikii mtu ila apigiwe kelele karibu, na sisi nyumbani tukazoea kuongea kama watu wanaogombana. Vifaa vya masikio vya hospitalini vilitushinda bei. Tukaishi hivyo.

Halafu nikapata mchumba, na watu wake wakatuma ujumbe kwamba wangekuja Jumamosi kujitambulisha. Baba mdogo, anayekaa Kinoo na anayependa sana kushika usukani hata hajaombwa, akaja Jumatatu kupanga mambo. "Mzee ataketi tu hapo," akasema. "Kuongea nitaongea mimi." Baba alikuwa hapo hapo, anatikisa kichwa na kutabasamu, kwa sababu hakuwa amesikia hata neno moja. Baba mdogo alipoondoka nilimpigia Baba kelele sikioni nikamweleza. "Sawa," akasema. "Niwekeni kwa kona, pamoja na magunia." Nilikasirika. Kwetu, huko magharibi tulikotoka, wageni wanaokuja kuuliza msichana huongea na aliyemzaa. Kumruka mzee akiwa hai, tena amekaa hapo anawatazama, ni kumzika mapema.

Mimi ni fundi wa simu. Kibanda changu kiko karibu na soko la Kangemi, na nilikuwa nimeshajitengenezea taa na feni za USB, kwa kujifurahisha tu. Jumanne nikashuka mjini, River Road, nikanunua kibao cha amplifaya, cha kukuza sauti, kisichozidi ukucha wa kidole gumba. Maiki nikaitoa kwenye simu iliyokufa, waya wa USB nikaukata kwenye chaja mbovu, na hedifoni zilikuwa zangu. Nikalehemu siku mbili, katikati ya kazi za wateja. Alhamisi nikamwita Baba kibandani, nikachomeka waya kwenye chaja ya ukutani, nikamvalisha hedifoni. Akakaa amekunja uso. Kisha akageuka akatazama barabarani. "Kuna mtu anakaanga samaki," akasema. Nusura nimkumbatie mbele ya wateja.

Lakini Baba hawezi kutembea na ukuta. Ijumaa nikahamishia waya kwenye pawabenki, ile betri ya kubeba ya kuchajia simu, na shida zikaanzia hapo. Kifaa kilifanya kazi muda wa kuimba ubeti mmoja, kisha kimya. Nikabonyeza, kikarudi, kikazima tena. Nikafungua, nikalehemu viungo vyote upya. Kikazima. Nikabadilisha waya. Kikazima. Mama mmoja akaniuliza kama simu yake iko tayari, nikamjibu vibaya, akaichukua akaenda zake. Nikamlaumu aliyeniuzia kibao. Nikajilaumu zaidi mimi, kwa kumpa mzee matumaini kisha kumrudisha kwa magunia.

Ndani ya kibanda mna giza hata saa sita mchana, basi nikachomeka taa yangu ndogo kwenye tundu la pili la pawabenki hiyo hiyo, nikainama kukagua kiungo kimoja. Nikakikagua mpaka macho yakauma. Ndipo nikatambua kwamba hedifoni pale mezani zilikuwa bado zinavuma. Nikachomoa taa. Punde kifaa kikafa. Nikairudisha taa, nikabonyeza, kifaa kikakaa. Kumbe shida ilikuwa hiyo tu. Pawabenki imetengenezewa simu, na ikiona umeme unanywewa kidogo sana, inadhani simu imejaa, inajizima. Kifaa changu hakikuwa na kosa ila kula kidogo mno. Na mimi, fundi mzima, nilikuwa nimejisifu wiki nzima kwa kubana umeme.

Mzee asingeweza kuketi na wageni huku taa inamwakia mfukoni. Nikatafuta rezista, kijipande kinachokula umeme na kuutoa kama joto, nikailehemu kati ya nyaya mbili za USB. Kazi yake ni kula bure, ili pawabenki isilale. Nikakiacha kifaa kikiwaka mpaka wakati wa kufunga kibanda. Hakikuzima. Niliimba njia nzima ya kwenda nyumbani, na sauti yenyewe sina.

Jumamosi Baba alivaa koti la kanisani, pawabenki mfukoni, maiki nimeibana kwenye ukosi. Wageni walipomwona na hedifoni walidhani mzee anasikiliza redio. Mimi nilikuwa jikoni nyuma ya pazia, hatua mbili tu kutoka kwao. Baba mdogo akasimama, akakohoa, akaanza kuwakaribisha. Msemaji wa wageni akamwinamia mwenzake, akamnong'oneza, "Huyu mzee hasikii. Tumalizane na huyu ndugu yake."

"Nasikia," Baba akasema.

Akamtazama msemaji usoni.

"Huyo mnayemuuliza nimemzaa mimi. Mtamalizana na mimi." Akamgeukia baba mdogo. "Kaa chini, ndugu yangu, umechoka." Baba mdogo akakaa. Msemaji akaomba msamaha mara mbili, kwa sauti ya chini, na Baba akaupokea mara mbili. Kuanzia hapo aliendesha kikao alivyotaka. Aliuliza ukoo, akauliza kanisa, akawatania mpaka wakacheka wenyewe. Nilikuwa nimesahau kwamba baba yangu ni mtu wa utani.

Mwishoni nikaitwa, kama ilivyo desturi, niseme kama nawakubali. Nikasimama mbele yao kwa aibu.

"Mama," Baba akaniuliza, "hawa watu unawajua?"

"Nawajua, Baba."

Sauti ilitoka ndogo sana. Baba mdogo akainuka haraka, akaweka mdomo karibu na sikio la Baba arudie jibu langu kwa kelele, jinsi sote tulivyozoea. Baba akakwepesha kichwa.

"Wacha kunipigia kelele," akasema. "Mtoto amesema anawajua."