Nyonga Iliyofichwa Wakati wa Posa

Daktari aliingia na mama chumba cha upasuaji kumbadilisha goti. Akatoka kabla hajagusa kisu.

Glavu safi. Uso umempauka.

"Mama yenu ana nini kwenye nyonga?"

Tukatazamana: mimi, baba na mjomba.

"Nyonga?" nikauliza. "Si goti?"

"Nimeinua mguu ili nikunje goti, kama ninavyofanya kwa kila mgonjwa. Paja limegoma, kiuno kizima kikanyanyuka nalo. Mfupa wa paja umeungana na nyonga, umekuwa kitu kimoja. Ningelazimisha kidogo tu, ningelivunja paja."

Hasira ikanipanda.

Kliniki bwana huyu aliangalia picha ya goti, akaangalia simu yake, basi. Hakumwambia mama asimame. Mama anatembea kwa kuuzungusha mguu mzima kama mlango, mtaalamu hakuona! Kisomo chote kile, macho yameishia gotini.

"Niliambiwa aliteguka goti utotoni," akajitetea.

"Na nani?"

Akamtazama mjomba. Mjomba akatazama dari.

Mjomba wangu, mtu wa suti kila siku, tunamwita Msemaji. Ukipiga chafya, yeye ndiye anayeeleza umeugua nini. Kule kliniki mama aliulizwa, akafungua mdomo, Msemaji akajibu.

"Mjomba, ulijua?"

"Mpwa wangu, mambo mengine ni ya kustiriana..."

"Mama yuko mezani, amechomwa ganzi ya mgongo! Unastiri nini?"

Ndipo akatapika yote.

Utotoni mama aliugua nyonga, na ilipopona ikagandana. Posa ya baba ilipokuja, Msemaji akaogopa dada yake atakataliwa. Akawaambia wakwe ni goti tu liliteguka, litanyooka lenyewe. Mama akaapishwa asiseme.

Tangu hapo neno nyonga likahama nyumbani kwetu. Nimekua nikiamini mama hukaa ukingoni mwa kiti, mguu kaunyoosha mbele, kwa sababu ya goti. Kumbe goti lenyewe lilikuwa limechoka kufanya kazi ya nyonga.

"Nilimstiri dada yangu," akasema, kifua mbele. Kisha akamgeukia baba. "Shemeji, nisamehe. Nilikuficha."

Baba akamkazia macho.

"Ulimficha nani?"

"Wewe, shemeji."

"Nimelala naye kitanda kimoja tangu tuoane. Ulidhani nimeoa kabati?"

Muuguzi aliyekuwa anapita akabana kicheko.

"Nilijua mapema sana," baba akaendelea. "Nikanyamaza nisikuaibishe."

Jamani!

Mmoja anaficha. Mwingine anajua, ananyamaza kumlindia mwongo heshima yake. Na hapo katikati mguu wa mama unakaribia kuvunjwa kwa adabu zao! Baba yangu nampenda, lakini siku ile nilimkata jicho hadi akainama.

Mama alitolewa akiwa macho. Ganzi ilishika miguu tu, masikio yalikuwa yake. Mlango ulikuwa wazi, na alikuwa amesikia kila walichosema baba na mjomba juu ya mwili wake.

Nikataka nimtafutie daktari mwingine.

"Huyu keshajua," akanikatalia. "Mwingine nitaanza kumfundisha upya."

Nyonga ikapigwa picha. Tukarudi kwa daktari, safari hii sauti yake imeshuka. Akaeleza kwamba mguu wataushusha mwishoni mwa meza, uning'inie, ili goti likunjike kwa kwenda chini badala ya paja kupanda.

"Kuna lingine ninalopaswa kujua?"

Mjomba akakohoa. "Daktari, dada yangu huwa..."

"Kaka," mama akasema bila kugeuka. "Toka nje."

Sijawahi kusikia sauti ile. Mjomba naye hakuwahi. Akatoka na suti yake.

Mama akasimulia mwenyewe, tangu homa ya kwanza ya utotoni. Kisha daktari akaweka simu pembeni na kumwomba atembee. Akasimama, akatembea mbele yetu sote, mguu ukizunguka, kichwa juu.

Goti likabadilishwa. Leo anakwenda sokoni na kurudi bila kuniegemea.

Wenzangu, mkitaka kustiri, stirini aibu zenu. Mwili wa mtu muulizeni mwenyewe, kisha nyamazeni ajibu. Mkishindana kumficha, siku ya kuvunjika atavunjika peke yake, nanyi mtakuwa nje mnasubiri, mifupa yenu mizima.