Beldina, mama anayesoma chuma cha mabasi makuukuu

Saa mbili na nusu asubuhi, katika gereji moja ya Nyamasaria, Kisumu, kando ya barabara ya Nairobi, kinachoonekana cha Beldina Aoko ni miguu tu. Mwili uliobaki uko chini ya basi lililoundwa kabla Kenya haijafikisha miaka kumi ya uhuru. Amelalia gunia, tochi ameing'ata kwa meno, na brashi yake ya waya inakwangua chuma kwa sauti ya kuudhi.

Brashi inanyamaza. Anachovya kitambaa kwenye mkebe wa mafuta ya taa, anafuta, kisha anasugua chaki juu ya chuma na kuipangusa kwa kiganja. Chaki inabaki ndani ya mikwaruzo. Tarakimu zinajitokeza moja moja.

"Andika," anamwambia mwenye basi. "Tano, sifuri, mbili... ngoja. Hiyo usiandike bado." Anasugua tena. "Saba. Sasa andika."

Beldina, mwenye umri wa miaka 43 na mkazi wa Migosi, hutafuta namba za utambulisho kwenye mabasi ya zamani: ya chesisi (fremu ya chini), ya injini, na ile iliyowekwa na waliounda bodi. Basi lisilosomeka namba haliuziki, na polisi wakilishika halitoki.

Kwenye gari jipya, hiyo ni kazi ya dakika tano. Kwenye basi lililopakwa rangi mara tisa, likapinduka na kubadilishwa injini, inaweza kumla siku mbili. Malipo yake ni shilingi mia tatu, namba ipatikane isipatikane.

"Nikilipwa kwa kupata tu, siku moja nitaona namba ambayo haiko," anasema.

Alizaliwa Pap Onditi na akaacha shule akiwa darasa la saba. Mwaka 1981 aliajiriwa na Gurcharan, Singasinga aliyekuwa akiunda bodi za mabasi mjini Kisumu, kwa kazi ambayo wanaume waliikimbia: kukwangua rangi ya zamani kwa msasa. Alilipwa shilingi kumi na nane kwa siku, na uani mle hapakuwa na mwanamke mwingine.

"Walisema nitachoka kwa wiki moja. Wao ndio walichoka kusema," anakumbuka, akicheka.

Alisugua kwa miaka minane. Wengine waliona basi jekundu au la kijani. Yeye aliona kilichokuwa chini ya rangi. Kila alipokutana na namba, aliinakili kwenye daftari la shule pamoja na mchoro wa mahali ilipo: chini ya mpira wa ngazi, nyuma ya kiti cha dereva, ubavuni mwa injini.

"Mafundi wangu walijua basi kwa nje," asema Gurcharan, ambaye sasa ana miaka sabini. "Huyu mama anajua ndani. Mimi mwenyewe namuuliza."

Jina lake lilivuma mwaka 1993. Joram, mwalimu mstaafu, alikuwa amenunua basi kuukuu kwa pensheni yake ili abebe abiria kati ya Pap Onditi na Kisumu. Wiki ya tatu likasimamishwa kwenye ukaguzi. Mahali namba ya chesisi inapopaswa kuwa, mbele upande wa kulia, palikuwa na kiraka cha chuma kilichochomelewa. Basi likazuiliwa kituoni, na Joram akaambiwa anashukiwa kununua mali ya wizi.

Koplo Walubengo, aliyekuwa akishughulikia suala hilo, alimpa nafasi ya kuleta mtu anayejua. Joram akamleta Beldina.

Alikitazama kile kiraka, asikiguse. Akajiviringisha hadi nyuma.

"Chesisi ya aina hiyo iligongwa namba mara mbili," aeleza. "Ya nyuma watu hawaijui kwa sababu iko juu ya ekseli, imezikwa na grisi na lami."

Alikwangua siku nzima. Kesho yake saa nne, chaki ikaonyesha tarakimu sita. Joram alikuwa amechuchumaa karibu, ameshika logibuku, kitabu cha usajili wa basi. Logibuku ilisema 417826. Chuma kilisema 417 na 26, lakini katikati palikuwa na tarakimu iliyolika kidogo.

"Mama, hiyo si nane?" Joram alinong'ona. "Upande mmoja umeliwa tu na kutu. Sema nane, nirudi nyumbani."

Beldina anakiri kwamba alitamani kusema nane. Mzee huyo alikuwa wa kwao, na alikuwa amekonda kwa siku kumi na moja tangu basi lizuiliwe. Aliweka karatasi juu ya chuma, akaisugua kwa penseli, akaitazama juani. Kisha akamwendea Walubengo.

"Ni tatu, afande," alisema. "Na karatasi ndiyo hii."

Joram aliifunga logibuku na kumpa Beldina kisogo.

Lakini Beldina hakuwa amemaliza. Chini ya mpira wa ngazi alikuwa ameona kibati cha karakana ya Gurcharan. Mchana huo huo alikwenda kwake, wakafungua vitabu vya kazi vya mwaka 1972. Basi lilikuwemo, limeandikwa rangi yake ya kwanza, mwenyewe wa kwanza, na chesisi: 417326.

Walubengo aliomba faili la kwanza kutoka Nairobi. Nalo lilisema tatu. Ikabainika kuwa mwaka 1986, wakala wa mwenye basi wa pili alipojaza fomu ya kuomba logibuku mpya, aliisoma namba ya mbele ikiwa imejaa rangi, akaona nane. Miaka miwili baadaye basi likapata ajali, na kipande chenye namba hiyo kikakatwa.

"Angesema nane, faili lingemkana," asema Walubengo. "Mzee angefika mahakamani na namba mbili na uongo mmoja."

Joram alirudishiwa basi lake, na hadi leo linapiga barabara ile ile. "Nilimnunia mama huyu siku mbili nzima," asema. "Sasa hata nikinunua baiskeli, lazima aiangalie kwanza."

Siku hizi Beldina huitwa hadi Siaya, Homa Bay na Busia. Mgongo humuuma, na mumewe, Opiyo, aliyeanza kwa kuona aibu mkewe akilala chini ya magari, sasa humkanda kila Jumapili baada ya kanisa.

Jambo moja tu halimpendezi. Kwa kuwa hana cheti, ripoti zake zote hutiwa sahihi na fundi mwanamume, ambaye mara nyingi hata hajainama kuliona basi lenyewe. Kwa hiyo Desemba hii atafanya mtihani wa ufundi wa serikali. Ada amekwisha kulipa, na kila jioni anarudia masomo ya injini na breki.

"Chini ya basi hawanipati kwa swali lolote," asema, akikung'uta gunia lake. "Ripoti ya kwanza ya Januari itakuwa na sahihi yangu. Wakitaka kubisha, waje wabishane na mimi."