Walizima Mtambo, Mama Akazikwa Bila Mimi

Kamati ya Mnara ilizima mtambo wa zamani wa redio bila kutuambia sisi wa vijijini, na kwa sababu hiyo mama yangu alizikwa Isingiro mimi nikiwa Nyabiyonza napalilia maharage. Huo ndio ubaya walionitendea. Wengine wanauita bahati mbaya. Bahati mbaya haina katibu wala gari.

Jina langu ni Anatolia. Sikusoma, haya nayasema, na binti yangu Kemirembe anaandika. Nilizaliwa Isingiro, nikaolewa Nyabiyonza na Kahigi, ambaye sasa ni marehemu. Vita ya mwaka 1978 ilipoanza hatukuwa na redio. Tulijua kuna vita tulipoona watu wanapita na ng'ombe, magodoro kichwani. Kahigi aliona aibu kupata habari za nchi yake kwa watu wanaokimbia, na kahawa ilipouzwa alinunua redio. Tangu hapo nyumba yetu ikawa ya watu wote. Saa ya matangazo ya vifo majirani walijaa ndani, hata wasiosalimiana. Kikitajwa kifo cha mtu wa upande wetu, nilijifunga khanga nikaenda kuwaambia wenyewe. Niliendelea hivyo hata baada ya Kahigi kufa. Kwetu, mwenye redio hatumiwi mtu wa kumpa habari. Kumtumia ni kumwambia redio yake ni pambo.

Miaka ya tisini ikaja kamati. Mtambo wa mlimani umechakaa, walisema. Serikali imetoa fedha za mtambo mpya, wa mawimbi ya FM, na sisi tuchangie kwa kukatwa kwenye kahawa. Katibu wao, Rweyemamu, kijana wa tai, alisimama mkutanoni kutueleza. Mzee mmoja akamwuliza, "Na hizi redio zetu zitayashika hayo mawimbi?"

"Hazitayashika, mzee wangu. Lakini msiwe na wasiwasi. Mtambo wa zamani utaendelea mpaka watu wapate redio mpya, na fedha za dizeli yake zimo. Siku ya kuuzima tutawatangazia."

Tukapiga makofi. Nami nilipiga.

Halafu jioni moja redio ikavuma tu, kama mvua kwenye bati. Sikushtuka, maana mtambo ule ulikuwa na tabia ya kufa na kufufuka. Nilianika betri juani. Nikanunua nyingine. Majirani walikuja, wakasikiliza ule mvumo, wakaacha kuja.

Nilikuwa sokoni Bugene nikiuza maharage aliponiona Costansia, jirani wa mama yangu. Alinishika mikono yote miwili.

"Pole, Mama Kemirembe."

"Pole ya nini?"

"Usinifanyie hivyo, dada. Tumemzika mama yako wiki iliyopita. Tulikungoja mpaka jeneza likashuka."

Nilikaa chini, hapo hapo kwenye maharage ya watu. Ni Costansia aliyenieleza. Kaka yangu Yustus alimpeleka mama hospitali ng'ambo ya ziwa, mama akafia huko, Yustus akaweka tangazo redioni. Lilisomwa jioni tatu. Jina langu lilisomwa: habari zimfikie binti yake Anatolia, wa Nyabiyonza. Isingiro walilisikia kwenye redio mpya ya mwenye duka. Kwa ndugu wasio na redio alitumwa mtu wa baiskeli. Kwangu hakutumwa mtu. Nani angethubutu kumtumia mtu Anatolia mwenye redio?

Nilipofika Isingiro matanga yalikuwa yameanuliwa. Nyasi walizolalia wafiwa zilikuwa zimetupwa migombani. Yustus alikuwa amekaa mlangoni, hakuinuka.

"Umefuata nini?"

"Sikusikia, kaka. Redio imekufa."

"Miaka yote unasikia vifo vya watu. Cha mama ndipo redio ikafa." Akawageukia wazee waliokuwa wakinywa rubisi. "Mpisheni mwenye redio."

Wakacheka kidogo, kama watu wachekavyo kwenye msiba. Yustus hakuniruhusu kufika kaburini. Alisema nitafika siku nitakayokuja na mtu wa kuthibitisha, kwa kuwa mdomo wangu ameshausikia.

Nikaenda kwa Rweyemamu. Nilimkuta ofisini, gari la kamati limesimama nje, na hilo halikuwahi kukosa dizeli.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kwa nini mlizima mtambo wetu?"

"Ule ulikuwa unakunywa mafuta mno, mama. Kamati iliona tubane matumizi."

"Ulisema mtatutangazia."

"Tulitangaza."

"Wapi?"

"Redioni."

"Kwenye mtambo upi?"

Akapanga karatasi zake ambazo tayari zilikuwa zimepangika. "Mpya," akasema.

Nikamweleza habari za mama. Kweli alisikitika, aliinamisha kichwa, kisha akasema atanitafutia redio mpya, yaishe. Nikamwambia aniletee mdomo wake, si redio. Twende Isingiro, amwambie kaka yangu.

"Mama, mimi nina kazi. Siwezi kwenda kwenye nyumba za watu kupeleka maneno."

"Mimi nilikuwa nakwenda. Kwa miguu."

Akasema atalifikisha suala langu kwenye kikao. Kikao kimekaa, na kingine kimekaa. Mwaka unakwisha. Mama ana kaburi ambalo sijatupia hata konzi ya udongo, na Yustus akinikuta njiani anatazama migomba.

Kamati ya Mnara ninaidai. Ninamdai Rweyemamu, katibu wake, aende Isingiro, asimame kwenye uwanja wa mama yangu mbele ya Yustus na wazee wale wale, aseme: tulizima, hatukuwaambia, huyu hakusikia.