Meli Niliyoiendesha kwa Mdomo

Mimi ni fundi cherehani wa Kamembe, na bahari sijawahi kuiona. Nimeona ziwa Kivu, nimeona mto Rusizi unavyoshuka kuelekea Bugarama, basi. Hata hivyo kuna wakati niliendesha meli ya mizigo kutoka Asia mpaka pwani ya Afrika, nikiwa nimekaa kwenye kiti changu cha kazi, utepe wa kupimia umening'inia shingoni.

Mambo yalianza kwa heshima kabisa. Tulikuwa watu watatu tulioungana kuagiza mzigo kutoka China. Mimi nilitaka vyerehani vya umeme. Jirani yangu, mzee anayetengeneza makochi, mtu aliyenifundisha kushika mkasi nilipokuwa sijui hata kutia uzi kwenye sindano, alitaka marobota ya mahameli. Wa tatu alikuwa maman mmoja wa Bukavu, mfanyabiashara, anayevuka mpaka wa Rusizi ya kwanza karibu kila asubuhi. Yeye aliagiza katoni za chupa za chai. Deklaran wetu, yaani yule anayetushughulikia karatasi za forodha, alinitumia jina la meli, akaniambia kuna tovuti inayoonyesha meli zote za dunia. Unaandika jina tu, unaiona, na hulipi chochote.

Niliandika. Bahari ikafunguka kwenye simu yangu, ya buluu, imejaa vishale vidogo vya rangi ya kijani, kila kishale meli. Nikagusa cha kwetu. Kikanionyesha mwendo wake, upande inakoelekea, mpaka picha yake: meli nyekundu, puani ina kutu. Niliona raha ya mtu anayechungulia ua wa jirani bila jirani kujua.

Tangu siku hiyo duka langu likawa na kazi mbili. Maman alikuwa akipita asubuhi, anaweka mfuko wake chini, na kabla hajamaliza salamu anauliza:

"Papa, bato yetu iko wapi leo?"

Nami nilikuwa navaa miwani, nachukua simu, naguna kidogo kama daktari, halafu nasema. Mzee alikuwa anakuja kutoka mlango wa pili, misumari midogo imejaa mdomoni kama ilivyo desturi ya mafundi wa makochi, anasikiliza bila kuweza kujibu. Mtu aliyekuja kuchukua suruali yake aliondoka na suruali pamoja na habari za bahari. Sitadanganya katika hili: nilijisikia mkubwa.

Kisha ikafika Jumanne moja. Nilifungua tovuti, nikaandika jina, na badala ya meli nikaona kufuli. Chini yake kulikuwa na maneno ya Kifaransa yaliyonishukuru kwa kuwa mtumiaji wao mwaminifu, yakanieleza kwamba kuanzia sasa anayetaka kuona meli iko wapi alipie kila mwezi, kwa kadi ya benki. Mimi kadi ya benki sina. Nina pesa za kwenye simu kama watu wote. Lakini si hilo lililoniuma. Kilichoniuma ni kulipishwa kwa kuangalia. Hata ziwa letu unaliangalia mpaka uchoke mwenyewe, hakuna anayekuja na risiti.

Nilikuwa bado nalitazama lile kufuli wakati maman alipoingia.

"Papa, bato iko wapi?"

Ukweli ulikuwa mfupi na ningeweza kuusema. Lakini Mzee alikuwa ameshasimama mlangoni na misumari yake, na mteja mmoja alikuwa ameinua kichwa. Mdomo wangu ukaondoka peke yake.

"Imepita Sri Lanka," nilisema. "Iko natembea muzuri."

"Ah, merci Mungu," akasema maman, akabeba mfuko wake akaenda sokoni.

Jioni hiyo nilichukua atlasi ya binti yangu, ile aliyoiacha alipomaliza shule, nikaitafuta Sri Lanka nilikokuwa nimeiweka meli. Mke wangu aliniona nikipima bahari kwa utepe wa nguo.

"Unamshonea nani?" akaniuliza.

Nikamweleza. Alicheka, akasema mimi ni mtu mzima na aibu nitakayoipata ni ya ukubwa wangu. Lakini tangu hapo kila nilipofunga duka swali lake lilikuwa hilohilo: "Leo umeipeleka wapi?"

Niliipeleka kwa uangalifu. Upana wa ukucha mmoja kwa siku. Nilijua kwamba ikikimbia sana itafika kabla ya wakati, kwa hiyo nikaipa vikwazo. Siku moja upepo uliipiga ubavuni. Siku nyingine ilisimama kuipisha meli kubwa zaidi. Maman alikuwa anasikiliza kwa macho makubwa, na kadiri alivyosikiliza ndivyo alivyouliza.

"Na kapiteni? Anasema nini?"

"Kapiteni ni mugonjwa," nilijibu siku hiyo. "Mupishi wao alibapatia maharagi ya kulala. Bote tumbo inabauma. Njo maana bato iko pole pole."

"Yo! Kwenye telefone banaandika mpaka maneno ya tumbo?"

"Kwa bale tunaojua kusoma, ndiyo."

Leo nikikumbuka jibu hilo nahisi joto masikioni. Yeye aliitikia tu kwa kichwa, taratibu, akaniambia nimpe pole kapiteni.

Kulikuwa na siku moja nilikaribia kukamatwa. Jumatatu nilisema meli iko Shelisheli. Jumatano, kwa kuwa nilikuwa na haraka na sare za shule mezani, nilisema iko Maldivi. Maman akafikiri kidogo.

"Maldivi si iko nyuma? Inarudia kutafuta nini?"

"Kapiteni alisahau karatasi," nikasema.

Mzee alitikisa kichwa kwa masikitiko, akatoa misumari mdomoni ili aseme vizuri: "Vijana ba siku hizi. Hata kwenye bahari banasahau karatasi."

Kwa ajili ya Mzee nilipaswa kunyamaza, maana yeye aliniamini kabisa. Alikuwa na kazi aliyopewa na mkurugenzi wa shule moja kule Cyangugu chini, mama mwenye msimamo, aliyemletea makochi yake yote ya sebuleni yavalishwe mahameli mapya. Wageni wa posa ya binti yake walikuwa wanakaribia kuja. Mama huyo alipiga simu kila siku, na kila siku Mzee alikuja kwangu akiwa amenyong'onyea zaidi. Mwishoni nikamhurumia. Na huruma yangu, kwa kuwa haikuwa na kitu kingine cha kumpa, ikampa bandari.

"Mzee, imefika Dar es Salaam," nilimwambia. "Banaanza kushusha."

Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Kisha akatoka mbio kama si mtu mwenye magoti mabovu. Maman alikuwepo, anakunywa chai yangu. Alinitazama juu ya kikombe muda mrefu.

Kesho yake aliingia bila kuweka mfuko chini.

"Umeona kwa Mzee?"

Sikuwa nimeona. Akanishika mkono wa shati akanipeleka mpaka mlango wa pili. Mzee mwenyewe alikuwa ametoka kununua gundi. Makochi ya mkurugenzi yalikuwa yamesimama katikati ya chumba, yamechunwa yote. Kitambaa cha zamani kilikuwa kimechanwa vipande, sponji zimekaa pembeni, springi zinatazama dari. Mzee alikuwa amepata habari kwamba mahameli yako njiani, akaanza kazi.

Tuliporudi kwangu, maman aliweka simu yake juu ya meza ya kukatia nguo.

"Papa, uongo imetosha. Angalia."

Niliangalia. Ilikuwa ile tovuti, haina kufuli. Meli yetu nyekundu ilikuwa imesimama karibu na Singapuri, imetia nanga, pamoja na meli nyingine nyingi zinazongoja zamu. Ilikuwa imesimama hapo siku kumi na moja. Haikuwa imefika Sri Lanka hata mara moja.

Nilikaa.

"Unajua tangu lini?"

"Tangu ile siku ya kufuli. Na mimi niliona kufuli. Nikalipa, kadi ya benki niko nayo."

"Sasa juu ya nini haukuniambia?"

Hapo akaanza kucheka, akajaribu kujizuia, akashindwa, akakaa kwenye kiti cha wateja. "Ningekuambia, ungenyamaza. Bamama ba kule soko ya Kadutu bananingojea kila siku! Nikivuka tu, banauliza: leo fundi alisema nini? Ile siku ya maharagi, kuna mumoja alilia machozi. Bananiambia nisikuambie kitu." Kisha akapangusa uso, na kicheko kikaisha. "Lakini sikujua Mzee atapasua viti ya bantu. Hapo mimi pia niko na makosa. Nenda umwambie."

Nilitazama tena kile kishale kilichosimama. Najua si vizuri kusema hivi, lakini nilisikia uchungu kidogo. Meli ya kweli ilikuwa imekaa tu. Ile yangu ilikuwa imepigwa na upepo, imeuguza watu, imerudi kufuata karatasi. Na bila kujua nilikuwa nimewachekesha wanawake wa mji mwingine siku zote hizo, mimi niliyejiona daktari wa bahari.

Nilimkuta Mzee amerudi, amepiga magoti mbele ya kochi, misumari mdomoni. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaanza kutoa misumari, mmoja mmoja, anaitia kwenye kopo, nami nikawa nasikia kila mmoja unavyogonga bati. Wa mwisho ulipoanguka alisema neno moja tu:

"Toka."

Hakupaza sauti. Ijumaa ile msikitini alikwenda kusimama safu nyingine.

Mchana wa siku aliyonifukuza nilimweleza mke wangu. Alicheka kwa haki yake, kisha akauliza wageni wa posa wanakuja siku gani. Jumamosi. "Na ile kaki ya sare, iliyobaki, iko wapi?"

Tulikuwa na robota zima la kaki nene, la shule iliyobadilisha rangi ya sare yake baada ya mimi kununua kitambaa. Siku mbili tulishona mifuniko ya makochi. Mke wangu aliweka ukanda wa buluu kwenye kingo, kwa sababu cherehani chetu kilikuwa kimezoea hivyo, na mkono wangu nao, kwa mazoea yake, ukashona mfuko mmoja ubavuni mwa kochi kubwa, wenye kifungo. Niliugundua kazi ilipokwisha. Mifuniko ile niliiweka mlangoni kwa Mzee. Hakunisalimia, lakini aliichukua.

Jumamosi asubuhi yeye na mimi tulipeleka makochi Cyangugu kwenye gari moja, yeye mbele, mimi nyuma na makochi. Mkurugenzi alisimama katikati ya sebule yake akiyatazama.

"Wanafunzi wangu nimewaacha shuleni," alisema. "Hawa wametoka wapi?"

Mzee alifungua mdomo. Nikamtangulia, nikasema kosa ni langu, nikaeleza kufuli, atlasi, maharagi, kila kitu. Mama yule alinisikiliza kama anavyosikiliza, nadhani, watoto waliochelewa darasani. Alipoona Dar es Salaam inakuja akainua mkono niishie hapo. Akatuambia wageni wako njiani, tutoke kwa mlango wa nyuma, na mahameli yakifika tuyalete bila hadithi.

Meli iliondoka Singapuri siku ya tatu baada ya hapo. Maman alitupa habari zake kila asubuhi, kavu, maneno mawili matatu: imeondoka, iko sawa, inakuja. Mzee alikuwa anazisikilizia mlangoni kwake, hakuvuka kwangu. Ilifika kweli, ikashusha kweli, na baada ya muda lori likaingia Kamembe katikati ya mvua. Maman alihesabu katoni zake, akachagua wabebaji, akaongozana nao kuelekea mpakani akiwa amejifunika nailoni kichwani. Mimi nilifungua vyerehani vyangu. Kimoja kilikuwa kimevunjika mguu.

Nilikuwa nakikagua hicho nilipomsikia Mzee akiita kutoka mlango wa pili. Hakuita jina. Alisema tu, "Njoo ushike hapa."

Makochi ya mkurugenzi alikuwa ameshayarudisha kutoka Cyangugu, na sasa alikuwa ametandaza mahameli juu ya kochi la kwanza, ya rangi ya kahawa, mazito, yanang'aa ukiyapitishia kiganja upande mmoja na kufifia upande wa pili. Nilishika pembe, yeye akashika nyingine, tukavuta. Alipigilia msumari wa kwanza, wa pili. Tulifanya kazi hivyo mpaka alasiri. Kwenye kochi la tatu alianza kunieleza jinsi ya kukunja kona, jambo alilonieleza miaka mingi iliyopita, nami nikasikiliza kama sijui.

Tulipoyapeleka, mkurugenzi alizunguka makochi mara mbili, akayapapasa, akaketi, akainuka. Posa ilikuwa imekwenda vizuri, alituambia. Babu mmoja wa upande wa mwanamume alikuwa ameketi kwenye kochi kubwa, akatia miwani yake kwenye ule mfuko, akafunga kifungo, na akasifu nyumba ile mbele ya watu wote kwa kufikiria mambo.

"Mahameli ni mazuri," alisema mama yule. "Sasa mfuko uko wapi?"

Mzee alinigeukia. Nikavua utepe shingoni, nikapiga magoti kupima.