Nilivyoomba Msamaha kwa Viatu Nilivyolipia

Aibu hii nimeificha mwaka mzima, na nisingeisema hata leo, lakini heri mnisikie mimi mwenyewe kabla hamjaipata kwa kinyozi, maana kule imeshatiwa chumvi.

Miaka tisa iliyopita nilikamatwa dukani Kings Heath, huku ughaibuni tunakoishi. Nilikuwa nimemnunulia binti yangu Hodan viatu vya shule, keshia akasahau kutoa kile kidude cha kengele, kufika mlangoni kengele ikalia, na risiti sijui nimeitupa wapi (mimi na risiti hatujawahi kuelewana), basi nikapelekwa kituoni nikakaa saa tano mpaka kamera ya duka ikaonyesha nimelipa. Wakaniachilia, hakuna kesi, nikasahau.

Mwaka jana, mgongo umechoka na kuchambua taka kiwandani kule Tyseley, nikaona kazi ya kuendesha basi dogo la watoto walemavu. Niliitaka kazi ile kweli kweli. Lakini ukitaka kufanya kazi na watoto lazima rekodi yako ya polisi ichunguzwe, na kwenye yangu bado imeandikwa nilikamatwa kwa wizi. Hodan, ambaye sasa ana miaka kumi na sita, akasoma kwenye simu kwamba mtu anaweza kuomba ifutwe kama hakukuwa na kosa. Akanijazia fomu, sentensi tatu tu: sikuiba, nililipa, kamera ilionyesha.

Mimi nikaiona haina adabu. Sisi tuliolelewa Garissa, unaiandikiaje serikali hivyo, hata salamu hakuna? Nikaipeleka kwa Mzee Mohinder, mzaliwa wa Kisumu, aliyekuwa karani wa mahakama huko kabla ya kuja huku, na ndiye anayetuandikia barua sote. Akaisoma, akatikisa kichwa.

"Hassan, wakubwa hawapendi mtu mbishi. Mtu akinyenyekea anahurumiwa. Nimeona kwa macho yangu."

Tukaandika kurasa mbili. Kwa heshima na taadhima naomba radhi kwa yote yaliyotokea siku ile, nimejirekebisha, naahidi sitarudia. Ilikuwa tamu, nusura nilie. Mzee akasema itapata nguvu zaidi ikiwa na sahihi za watu, nami (akili yangu sijui niliiacha wapi) nikazunguka nayo kwa kinyozi, kwa mwalimu wa madrasa, na kwa wenzangu kumi na mmoja kazini. Kila mtu akaisoma, akanitazama, akatia sahihi, akanipigapiga begani taratibu. Mimi nikadhani wananionea fahari. Nikaituma, Hodan sikumwonyesha.

Jibu lilikuja baada ya miezi minne, siku ambayo mwalimu wa madrasa alikuwa amepita kutusalimia, nikampa Hodan asome kwa sauti ili wote wasikie habari njema. Polisi walisema picha za kamera zilishafutwa zamani, na hawawezi kuifuta rekodi kwa sababu mwombaji mwenyewe, kwenye barua iliyotiwa sahihi na watu kumi na watatu, amekiri kosa na kuahidi kutolirudia.

Hodan akaiweka karatasi mezani. "Baba, kwani uliviiba?"

Nikaanza kucheka, nikaona hacheki. Mama yake anaangalia kikombe chake. Nikaeleza mambo ya adabu na mahakama ya Kisumu, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuonekana mwizi, mpaka mwalimu akasema kwa upole, "Lakini Hassan, sisi tulitia sahihi tukijua ulichukua. Tulikuwa tunakuombea."

Kazi ya basi akapewa mwingine. Nimeomba uamuzi uangaliwe upya, safari hii kwa maneno ya Hodan, ila ile barua yangu iko ndani ya faili na haitoki. Najuta sana. Nimeapa sitaomba radhi tena kwa jambo nisilolifanya, hata niwe mbele ya nani. Nikimuuliza Hodan kama ananiamini, anasema ndiyo, Baba, na anasema haraka mno.