Mpaka Meza Iishe

Bi Barbe Gaudrin hakujua kuandika hata barua moja, lakini wakubwa wengi wa Paris waliandikia barua zao kwenye meza alizotengeneza yeye. Mimi nilikaa mlango wa pili, mtaa wa Cléry, nikimsugulia shaba za droo. Zote zilipita mikononi mwangu: meza pana za mawakili, makabati ambayo mlango wake ukilazwa unakuwa meza, na vimeza vya mabibi vya miguu myembamba. Droo ya wino aliiweka kushoto, maana mwenyewe alitumia mkono wa kushoto. Wateja walinung'unika, kisha wakazoea.

Chini ya kila meza alipiga muhuri wa chuma wenye jina la marehemu mumewe. Chama cha mafundi kilimruhusu kuutumia maadamu ni mjane. Akiolewa na mtu asiye wa chama, karakana inafungwa. Na Josse, fundi wake kutoka Flanders, chama kilikuwa kimemkataa mara mbili kwa kuwa hakujifunzia kazi Paris. Basi miaka tisa walikula supu ya kabichi pamoja na kulala nyumba mbili. Mimi ndiye niliyekasirika kwa niaba yao.

Mwanzoni mwa mwaka 1776 mfalme akavifuta vyama. Josse akaja na shati safi.

"Haya, Bi Barbe. Sasa huna pa kujificha."

"Ni Kwaresima, we mpagani. Padri gani atatufungisha ndoa?"

"Na Pasaka ikipita?"

"Niache nimalize meza ya mfuniko. Muhuri wa marehemu uishie kwenye kazi ya maana."

Meza hiyo ilikuwa na mfuniko wa vibao vyembamba vinavyojiviringisha kuingia ndani, na ufunguo mmoja wa kufunga droo zote kwa pamoja. Pasaka ikapita, mfuniko ukakwama. Mwezi wa Juni akaubandua wote akaanza upya, na mimi uvumilivu ukanishinda.

"Mfuniko hauna kasoro," nikamwambia. "Mwenye kasoro ni wewe. Unaogopa nini?"

"Waliovifuta vyama leo, kesho watavirudisha. Nikipoteza karakana nitakula nini, shoga, brashi zako?"

Nikarudi kwenye shaba zangu. Hofu hiyo hata mimi nilikuwa nayo.

Agosti vyama vikarudishwa. Waliokuwa wamefungua karakana miezi ile waliachwa waendelee. Jirani yetu Hélie, naye asiye wa chama, aliyemwoa mjane wa fundi viti mwezi Mei, hakuguswa na mtu. Habari zilipotufikia, Josse alikuwa akipaka nta mfuniko. Akaufungua, akaufunga, akaufungua tena.

"Ulisema mpaka meza iishe," akasema. "Imeisha. Inateleza vizuri."

Akaanza kufunga patasi zake ndani ya aproni.

"Kaa basi mpaka Jumapili," Bi Barbe akasema.

"Nimekaa miaka tisa, Barbe."

Hakuwahi kumwita hivyo, bila Bi. Akatoka, na mlango hakuubamiza. Nilimchukia Bi Barbe siku ile, na nilimhurumia pia.

Yeye hakulia. Aliniita tuipindue meza, akachukua muhuri na nyundo.

"Shika vizuri, usitetemeke," akaniambia.

Akapiga nyundo mara moja. Jina la marehemu lilitoka sawasawa.