Mbona Umenifunika

Usiku ule nililala kwa mama, kwenye kitanda cha marehemu mdogo wangu Elia, kwa sababu mama hakutaka kikae kitupu.

Elia alikuwa mtangazaji wa redio ndogo ya mjini kwetu, Makambako. Mimi ni fundi wa kompyuta palepale. Asubuhi ya siku aliyogongwa na lori alirekodi kipindi chake cha wakulima, na tangu tumzike, mama alikuwa na ombi moja tu: akisikie. Nami sikukiona. Vipindi vyetu hukaa kwenye seva, kompyuta ya kuhifadhia mafaili, iliyo chumba cha nyuma. Folda ya seva hiyo huunganishwa kwa mtandao na kompyuta ya studio, ikaonekana kana kwamba imo humohumo. Siku ile muunganiko ulikatika, na mimi niliurudisha jioni, kabla simu ya msiba haijaingia. Baada ya mazishi nilikagua kebo, nikakagua ruhusa za kufungua mafaili, nikazima na kuwasha kila kitu. Vipindi vya miaka yote vilikuwepo. Cha mwisho, hakuna. Nilimwambia mama kimepotea. Hakulia. Aliinuka akaenda kufungia kuku.

Basi nikalala, na ndotoni niko studio, mchana mweupe. Elia ameketi kwenye kiti chake, amevaa lile sweta la kijani tulilomzika nalo. Anaongea kwenye maikrofoni, midomo inacheza, sauti haitoki. Namwambia, "Elia, hatukusikii." Anatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayejua.

Kisha si studio tena. Ni makaburini, manyunyu yanaanguka, baridi yetu ile ya kuingia kwenye mifupa, na maua ya karatasi juu ya kaburi yamelowa yakatoa rangi. Elia amesimama upande wa pili wa kaburi lake mwenyewe.

"Dada," anasema, "mbona umenifunika?"

Napiga magoti. Nafukua kwa mikono, kucha zinajaa tope, nalia, namwambia kila mtu hufunikwa, mdogo wangu, ndivyo ilivyo, hata baba tulimfunika. Anainama ananishika mkono. Mkono wake una joto. Kati ya yote niliyoyaona, lile joto ndilo lililonivunja.

"Si udongo, dada. Ile folda. Iondoe uliyoiweka juu. Mimi niko chini yake."

Nataka kumuuliza kama aliumia sana, kama alituita. Naukaza ule mkono ili asiondoke, naukaza zaidi, na nikafumbua macho nimekumbatia mto.

Mama alikuwa amesimama mlangoni, kanga begani.

"Umemwona," alisema. Hakuwa anauliza.

"Nimemwona, mama."

"Kasemaje?"

Nilianza kumsimulia, na katikati ya maneno nikaelewa. Muunganiko ulipokatika, kompyuta ya studio ilikihifadhi kipindi cha Elia ndani yake yenyewe, kwenye folda tupu ambayo ile ya seva hukaa juu yake. Niliporudisha muunganiko, folda ya seva ikakaa juu ya ile, ikaifunika na kilichokuwemo. Nilikuwa nimetafuta kila mahali isipokuwa chini.

Kulipokucha tulikwenda wote wawili. Nikaitenganisha folda ya seva. Chini yake palikuwa na faili moja tu, lenye jina lake.

Mama alikivuta kiti cha Elia karibu na spika, akakaa, akajifunga kanga vizuri kama anayepokea mgeni. Nikabonyeza.

"Hamjambo, wasikilizaji wangu?" Elia akasema, kwa ile sauti yake ya kutabasamu.

"Hatujambo, baba," mama akajibu upesi. "Umekula?"

Elia akaendelea kueleza habari za mbolea. Mama akainamia spika, akauliza tena, taratibu zaidi.